Amana ya Daftari

Nimemtazama mzee mmoja wa Kericho, aliyetumia umri wake katika ukarani wa kumbukumbu za wagonjwa, akiwafunza vijana wa uuguzi na utabibu namna ya kuhesabu. Alichora vijiti vinne, akavikata kwa cha tano, akaendelea hivyo bila kuinua macho mpaka safu ikaisha. Kisha akajumlisha kutoka juu kushuka, akajumlisha tena kutoka chini kupanda, na jumla mbili zilipolingana ndipo alipoandika kwa wino.

Kijana mmoja akamwuliza, "Mzee, kwa nini tutaabike ilhali kompyuta ipo?"

"Mwanangu," akamjibu kwa upole, "kompyuta itajumlisha ulichoipa. Wewe unajua umeipa nini?"

Akawawekea wagonjwa watano, waliolazwa siku 2, 3, 3, 4 na 38. Wastani wake ni siku 10, na katika watano wale hakuna hata mmoja aliyelala siku 10, wala aliyekaribia. Ila ukiwapanga kwa safu na kumshika wa katikati, unapata 3, na hiyo ndiyo habari ya kweli ya wodi. Yule wa siku 38 hakumfuta. Kama vile karani wa kituo cha kununulia chai huko Bomet anavyoyapekua majani kabla ya kuyatia mizanini, mzee alilirudia jina la mgonjwa huyo, tarehe yake ya kuingia na ya kutoka, apate kujua kama ni ugonjwa mzito au ni kalamu iliyoteleza.

Kisha akauliza swali ambalo wanafunzi wa leo hulipita mbio: wagonjwa hawa ni kati ya watu wangapi? Sitini katika shamba la watu 1,000 ni msiba. Sitini katika shamba la watu 6,000 ni kumi tu kwa kila elfu. Nimesoma taarifa nyingi za siku hizi, zenye michoro ya rangi za kupendeza, ambamo swali hilo halikuulizwa kabisa.

Waama, nchi hii ya chai ina sababu ya kuuenzi ufundi huu. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na baridi yake ilidhaniwa kuwa ngome dhidi ya malaria. Lakini daftari za hospitali ya mashamba ya chai, zilizoandikwa mwezi baada ya mwezi, zilishuhudia vingine. Watafiti walioandika mwaka 2000 walieleza kwamba kati ya 1986 na 1998 maradhi hayo yalipanda kutoka 16 hadi 120 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Ndipo wanazuoni wa dunia walipoanza kujadiliana. Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake wakasema hali ya hewa haikuwa imebadilika kwa kiasi cha kuwa sababu. Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake wakaona kwamba joto limepanda. Wa kwanza walikuwa wametegemea makadirio ya hali ya hewa yaliyosambazwa juu ya eneo pana, hata mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake walipovirejea vipimo vya kila siku vya kituo cha Kericho chenyewe, vya 1979 hadi 2009, wakakuta joto limeongezeka kwa takriban sehemu mbili za kumi za nyuzi kila muongo. Dawa ya klorokwini kushindwa kuponya nako kulitajwa kuwa sababu, na kila upande ulikuwa na hoja zake. Lakini hoja zote zilisimama juu ya mikono isiyotajwa, ya karani aliyeandika mgonjwa na ya msomaji wa kipimajoto aliyeamka mapema hata siku ya mvua.

Mikono hiyo haina warithi wengi. Katika hospitali moja ya milimani niliomba kuona daftari za zamani, nikaambiwa zilichomwa ili chumba kipate nafasi ya viti, na aliyeniambia hakuona taksiri yoyote. Daftari mpya nilizooneshwa zilikuwa na safu ya umri iliyoachwa wazi kurasa kwa kurasa, na mahali pa kijiji pameandikwa "hapa hapa". Atakayetaka kujua kama homa ya eneo lile iliwazidi watoto au wachumaji wa chai, au ilianza kupanda mlima mwaka gani, hana tena pa kuuliza.