Gitaa, Amplifaya na Silabi ya Mwisho

Mhakiki anapopewa wimbo wa dansi auchambue, jambo la kwanza afanyalo ni kuunukuu kwenye karatasi. Baada ya hapo anauhakiki kama shairi: maudhui, kisha fani, na katika fani anataja takriri, tashbihi, sitiari na kiitikio. Gitaa limekwisha kuachwa redioni. Kwa maoni yetu huo ni uhakiki wa nusu ya kazi. Katika makala haya tunapenda kugusia sehemu moja ya nusu iliyoachwa, yaani sauti ya gitaa la umeme kama inavyotoka kwenye amplifaya.

Suala hili tumeletewa na wanafunzi wetu wanaotoka Kasese na Bwera. Bwera iko karibu na mpaka wa Mpondwe, na ng'ambo yake ni Kasindi, Kongo. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule husikilizana kwa lugha zao wenyewe. Kiswahili huvuka pamoja na biashara na muziki. Ni kweli kwamba Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini huko mpakani sikio lilikwisha kuzoezwa na bendi kabla ya mwalimu kufika na chaki yake. Vijana hao leo wanapiga gitaa, na wengi wanapenda bluzi ya kisasa wanayoitazama kwenye simu. Swali lao ni hili: kwa nini sauti nzito yenye mkwaruzo, inayopendeza sana katika bluzi, ikitiwa katika wimbo wa Kiswahili inauharibu?

Mkwaruzo huo hutokea pale amplifaya inaposukumwa kupita uwezo wake. Vichwa vya mawimbi ya sauti hukatwa, na sauti nyingine za juu huzaliwa ambazo hazikuwamo kwenye uzi. Katika bluzi mfano unaotajwa mara nyingi ni albamu ya John Mayall ya mwaka 1966, ambamo Eric Clapton alipiga gitaa la Gibson kwenye amplifaya ya Marshall iliyofunguliwa hasa. Tangu hapo wapigaji wengi wa bluzi wameitafuta sauti hiyo, na hatuwalaumu.

Ila tuangalie nani anasema lini. Katika bluzi mwimbaji husema mstari wake, akanyamaza, kisha gitaa likajibu. B.B. King hakuwa na desturi ya kuimba na kupiga kwa wakati mmoja. Alimaliza neno lake ndipo akaligeukia gitaa. Gitaa la namna hiyo linaweza kulia, kukoroma, hata kupiga kelele, kwa kuwa zamu ni yake. (Naye King mwenyewe kwa miaka mingi alitumia amplifaya ya transista, Lab Series L5, yenye sauti safi kuliko wanavyodhani wanaomwiga.)

Wimbo wa dansi wa Kikongo na wa Afrika Mashariki haukujengwa hivyo. Magitaa hayangoji zamu. Solo, mi-solo, ridhimu na besi hutembea chini ya sauti ya mwimbaji tangu ubeti wa kwanza, kila moja na njia yake. Mkwaruzo ukiingia hapo hujaza nafasi ileile ambayo sikio linaitumia kutambua konsonanti. Ndiyo sababu Franco na wenzake wa OK Jazz walipenda sauti kavu, angavu, ambayo kila uzi unasikika unapoguswa. Mwezi Septemba 1974 Franco na B.B. King walishiriki tamasha moja mjini Kinshasa. Tunamshauri msomaji atafute rekodi za wote wawili na asikilize jambo moja tu: gitaa linafanya nini wakati mdomo wa mwimbaji uko wazi.

Kwa Kiswahili hasara ni kubwa zaidi. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na ile ya mwisho hubaki nyepesi. Lakini silabi hiyo nyepesi ndiyo iliyobeba kazi. "Anipenda" ni taarifa. "Anipende" ni ombi. Tofauti yote imo katika irabu moja isiyo na mkazo. Gitaa lenye mkwaruzo likiimeza, mpenzi anayeombwa anageuka mpenzi aliyekwisha kupatikana, na maudhui tunayoyahakiki kwa bidii yamekwisha kubadilika.

Jean Bosco Mwenda hakuwa na amplifaya wakati Hugh Tracey alipomrekodi huko Katanga mwaka 1952. Alikuwa na gitaa la mbao, kidole gumba na kidole cha shahada. Hata hivyo uimbaji wake ni somo la kwanza katika jambo hili: nyuzi zinakwenda mbio na bado neno linasikika. Kiswahili chake si sanifu, na tumewahi kuona kikisahihishwa kwa kalamu nyekundu kana kwamba ni insha ya kidato cha pili. Huo nao ni uziwi wa aina yake.

Tukiulizwa sauti tunayoipenda kuliko zote, tutamtaja Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979. Yeye alikuwa mwimbaji na mpigaji solo kwa pamoja, na kwa hiyo ndiye aliye karibu zaidi na watu wa bluzi: anasema, kisha gitaa lake linapewa nafasi ndefu ya kuendeleza maneno. Angeweza kulikoroga lipendavyo. Hakufanya hivyo, lilibaki jembamba na safi.

Vijana wa Kasese wanaopiga kwenye harusi wana amplifaya moja ndogo, na mara nyingi mwimbaji na gitaa hupitia spika zilezile. Tunawashauri wapunguze mkwaruzo na mwangwi mwimbaji anapoanza, na wauongeze kwenye sebene, ambako maneno yamekwisha na watu wanacheza.

Kwa walimu tunapendekeza zoezi. Wanafunzi wasikilize ubeti mmoja mara mbili bila karatasi, waandike vitenzi walivyovisikia pamoja na irabu zake za mwisho, kisha waeleze ni wapi gitaa liliwasaidia na ni wapi liliwazuia. Mwanafunzi wa Bwera atakayeandika kurasa mbili juu ya hilo, tutampa alama za fani.