Joto la Peponi: Uhakiki wa Tashtiti Moja ya Wanasayansi

Mnamo mwaka wa 1972, Applied Optics, jarida la wataalamu wa sayansi ya nuru, lilichapisha makala fupi isiyotajwa mwandishi wake. Dai lake ni moja tu, kwamba Peponi kuna joto zaidi kuliko Jehanamu. Tangu hapo makala hiyo imesimuliwa mara nyingi, ama na wanaotaka kuicheka dini, ama na wanaoilaani kuwa ni kufuru. Wote hao wameisoma kama hoja ya fizikia, ilhali uzito wake umeegemezwa juu ya sentensi moja na namna ya kuifasiri. Kwa hiyo mhakiki wa lugha ana haki nayo, pengine kumshinda mwanafizikia.

Ushahidi wa Peponi umetolewa katika Isaya 30:26, ambapo nabii anatabiri kuwa mwezi utang'aa sawa na jua, nalo jua litazidi mara saba, mfano wa nuru ya siku saba. Mwandishi anapiga hesabu bila kusita. Mwezi utaleta nuru kiasi kile ambacho dunia hupokea sasa kutoka kwa jua. Jua litaleta saba mara saba, yaani 49. Jumla ni 50. Kwa kanuni ya Stefan na Boltzmann, nishati inayotolewa na kitu kwa mnururisho hufuata kipeo cha nne cha halijoto yake. Basi, dunia ikikadiriwa kuwa na nyuzi 27 za sentigredi, Peponi hapana budi pafikie 525. Jehanamu, kwa ushahidi wa Ufunuo 21:8, ina ziwa la kiberiti kinachowaka. Ziwa ni kioevu, na kiberiti kikipita nyuzi 444.6 hugeuka mvuke; kwa hiyo halijoto ya huko haiwezi kuvuka kiwango hicho.

Ucheshi hapa hautokani na dai lenyewe. Unatokana na uso mkavu wa msemaji, kama ule wa mzee wa barazani atoaye chuku bila kutabasamu hata kidogo. Hakuna neno la dhihaka wala kivumishi cha kejeli katika hoja yake. Anayechekwa si muumini bali ni yule msomaji, awe mhubiri au mtaalamu, anayeiona tarakimu ndani ya aya na kuidhania kipimo.

Mwaka wa 1998 wanafizikia wawili wa Hispania, Jorge Mira Pérez na José Viña, waliisahihisha hesabu hiyo katika Physics Today. Kwa maoni yao, maneno juu ya siku saba yanafafanua tu ile "mara saba" iliyotangulia. Si kizidisho kipya. Jumla ikawa 8, na Peponi pakapoa hadi nyuzi 231.5. Ni nadra sana tofauti ya sintaksia kupimika kwa kipimajoto! Nao walisoma vyema, kwani ushairi wa Kiebrania hupenda kulirudia wazo katika kipande cha pili kwa sura nyingine. Hata hivyo, hukumu yao kwamba Jehanamu ndiyo yenye joto zaidi haikuthibitika. Kiberiti huwa kioevu tangu takriban nyuzi 115, na 231.5 imo kati ya mipaka hiyo miwili. Kesi ingali wazi.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kwamba saba ya mbingu saba haikutoka kwa karani wa hesabu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, anapoyataja majina ya moto wa akhera katika Al-Inkishafi, hapimi joto. Anautisha moyo wake mwenyewe, ambao ndio anaousemesha. Dante ni jambo jingine kidogo, kwa kuwa yeye mwenyewe alitoa vipimo. Ndiyo maana Galileo aliweza, mwaka wa 1588, kuihutubia Akademia ya Florence juu ya umbo na ukubwa wa Jehanamu ya mshairi huyo, wala hakuwa akifanya mzaha.

Kasoro kubwa ya makala ya 1972, ambayo hata wasahihishaji wake hawakuiondoa, ni kuing'oa aya mahali pake. Isaya hapo hasemi juu ya makao ya wafu. Aya zinazotangulia zinataja mvua ya kunywesha mbegu, malisho mapana ya mifugo, na ng'ombe na punda wa kulimia wakilishwa chakula kizuri. Ni habari za taifa kuponywa majeraha yake na kurudishiwa nchi yenye neema. Tashtiti ina ruhusa ya kuiba, lakini mwizi huyu aliliacha nyuma pambo bora kuliko yote: ng'ombe wa nabii wakilima kwa utulivu katika nyuzi 525.