Uasi wa Binti na Radhi za Baba: Uhakiki wa The King of Elfland's Daughter

Visa vya binti mfalme anayemkaidi baba yake ni vingi mno katika fasihi za ulimwengu, simulizi na andishi, hata mhakiki akisikia kwamba riwaya fulani yahusu jambo hilo hudhani amekwisha kuisoma. Binti amewekwa katika jumba lisilofikika, kijana anatoka mbali, baba anakataa, wapenzi wanatoroka, arusi inafungwa na hadithi inakwisha. Katika miaka ya 1970, wakati sehemu kubwa ya uhakiki wa Afrika Mashariki ilipojishughulisha na matabaka na ukombozi, visa vya namna hii vilielekea kuwekwa kando kama ndoto za mabwanyenye, visivyo na la kumfunza mtu anayetafuta ukweli wa jamii. Hukumu hiyo ina haki yake. Hata hivyo, haifai kutolewa kwa jumla kabla ya kutazama kila kazi inavyojengwa, kwani imo riwaya moja ya mahaba na maajabu ambamo kutoroka kwa binti si mwisho wa kisa bali ni mwanzo wa matatizo yake. Riwaya hiyo ni The King of Elfland's Daughter, yaani Binti wa Mfalme wa Elfland, iliyotungwa na Lord Dunsany na kutolewa mwaka 1924. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali kuu la riwaya hiyo si kama binti anaweza kumwasi baba yake. Swali lake ni zito zaidi: uasi unafikia wapi iwapo neno la mwisho linabaki kinywani mwa baba?

Dunsany (1878-1957) alizaliwa London katika ukoo wa makabaila wenye ngome yao huko Meath, nchini Ireland. Alikuwa mwindaji, askari na mwandishi wa hadithi fupi na tamthilia. Alipotunga riwaya hii ulimwengu wa tabaka lake ulikuwa ukitikisika. Mwaka 1916, akiwa ofisa wa jeshi la Uingereza, alijeruhiwa kwa risasi katika maasi ya Dublin, na mwaka 1922 sehemu kubwa ya Ireland ilipata serikali yake yenyewe. Haya hayatajwi popote katika riwaya, wala si vyema kuigeuza hadithi kuwa fumbo la siasa kwa nguvu. Yafaa tu ikumbukwe kwamba aliyeandika habari za mfalme anayeilinda nchi yake isiguswe na wakati alikuwa mtu aliyeona wakati ukiigusa nchi yake mwenyewe.

Kisa chenyewe, kwa ufupi, ni hiki. Wazee wa Bunge la Erl, nchi ndogo ya wanadamu, wanamwendea bwana wao wakitaka watawaliwe na mtu mwenye uchawi, ili jina la nchi yao livume. Bwana huyo anamtuma mwanawe, Alveric, akamwoe binti wa Mfalme wa Elfland, nchi inayokaribiana sana na ujinini wa hekaya zetu za pwani. Alveric anapewa upanga wa ajabu na mchawi Ziroonderel, anavuka mpaka wa mwanga wa machweo, anawashinda walinzi, na anamkuta Lirazel mbele ya kasri la baba yake. Wanatoroka pamoja. Wanapofika Erl, ile siku moja ya Elfland imekuwa miaka mingi duniani, na baba yake Alveric amekwisha kufa. Wanaoana, wanapata mtoto mwanamume, Orion. Kisha Mfalme anamtuma kibwengo kumpelekea binti yake talasimu iliyoandikwa. Lirazel anaificha bila kuisoma. Siku moja anaisoma. Upepo unamchukua pamoja na majani yaliyopukutika na kumrudisha kwa baba yake. Elfland inajitenga na dunia, na Alveric anatangatanga kwa miaka akiitafuta.

Jambo la kwanza linalostahili kuangaliwa ni tabia ya baba huyu. Katika visa vingi vya aina hii baba ni dhalimu, na udhalimu wake ndio unaouhalalisha uasi wa binti. Msomaji haulizwi kitu. Ameambiwa tangu mwanzo amchukie nani. Mfalme wa Elfland si dhalimu. Anampenda binti yake kuliko chochote, na hofu yake ina msingi: katika nchi yake hakuna uzee wala mauti, ilhali duniani uzuri wa Lirazel utanyauka na mwishowe atakufa. Kumzuia ni kumwokoa. Kwa hiyo Lirazel haukimbii ukatili. Anaukimbia upendo ambao umempa kila kitu isipokuwa mabadiliko. Kumwasi anayekupiga ni jambo linaloeleweka kwa wepesi, lakini kumwasi anayekupenda ni mtihani ambao fasihi yetu haijaushughulikia mara nyingi.

Msomaji wa Kiswahili ana dhana moja inayomsaidia kuingia ndani ya tatizo hili kuliko pengine msomaji aliyekusudiwa na mwandishi, nayo ni dhana ya radhi. Katika jamii ya Waswahili mtoto anayeondoka kwa wazazi bila radhi zao huhesabiwa kuwa ameondoka nusu. Mwili umekwenda, lakini baraka imebaki nyuma, na kila litakalomsibu litasomwa kama dalili ya kukosekana kwake. Hivyo ndivyo alivyo Lirazel huko Erl. Hakuomba radhi na hakupewa. Wala hakulaaniwa, na hapa ndipo ujuzi wa Dunsany unapoonekana. Laana ingemkata binti na baba yake moja kwa moja, ikamwacha huru hata kama ni kwa uchungu. Mfalme halaani; anaandika na kungoja. Mlango anauacha wazi, na mlango uliowazi humfunga Lirazel kuliko uliokomewa.

Jambo la pili ni maisha ya Lirazel baada ya arusi. Padri wa nchi hakubali kumwozesha kama mwanamke wa kawaida. Anatumia ibada iliyowekewa nguva aliyeiacha bahari. Maana yake ni kwamba jamii mpya inampokea kwa sharti la kuukana uasili wake. Alveric, aliyepigana ili ampate, sasa anataka afanane na wanawake wengine wa Erl. Anamkataza kucheka mahali pasipo na kicheko, na anamkemea anapoziabudu nyota badala ya vitu vitakatifu alivyoonyeshwa. Lirazel anajaribu, lakini hawezi kuelewa kwa nini hili ni takatifu na lile ni kufuru. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo 1858, unaipanga vyema ngazi ya utiifu wa mwanamke: Mungu, Mtume, baba, mama, na kisha mume. Lirazel ameishuka ngazi hiyo akidhani anatoka nje yake. Ameacha amri ya baba, na mahali pa amri hiyo amekuta ya mume. Tofauti ni kwamba baba alimtaka abaki kama alivyo, na mume anamtaka awe mtu mwingine.

Kutokana na hayo, tendo la kuisoma talasimu linahitaji kufasiriwa kwa uangalifu. Ni rahisi kusema kwamba binti ameshindwa na kurudi kwa baba. Riwaya haisemi hivyo. Lirazel aliiweka talasimu ile kasikini kwa muda, akijua kwamba akiisoma tu ataondoka. Muda wote alioificha alikuwa mwasi wa kweli, kwa sababu uwezo wa kurudi ulikuwa mikononi mwake na akaukataa kila siku. Anapoisoma, baada ya kukemewa, tendo lake ni uasi wa pili, safari hii dhidi ya mume. Msiba wake ni kwamba uasi huu wa pili hauna njia ya kujitegemea. Unapita katika maandishi ya baba. Akitaka kuikataa nyumba moja hana budi kuingia nyingine, kwani katika ulimwengu alioumbiwa hakuna nyumba ya tatu.

Hapa ulinganisho na Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed unaweza kufaa, ingawa riwaya hizi mbili zimetofautiana kwa fani, nchi na wakati. Bwana Maksuudi anamfungia ndani bintiye Maimuna, na Maimuna anatoroka. Kama Lirazel, anagundua kwamba nje ya ukuta wa baba kuna kuta nyingine. Katika danguro la Bi Kirembwe mwili wake unakuwa bidhaa ya watu wengine. Lakini Said Ahmed Mohamed anauweka uwezo wa baba juu ya msingi unaoonekana: mali, cheo, heshima ya mtaa na unafiki. Msingi huo ukibomoka, naye Maksuudi hubomoka. Dunsany hana msingi wa namna hiyo. Uwezo wa Mfalme wake ni neno tupu, na neno haliporomoshwi na historia. Kwa upande huo Utengano ni kazi yenye nguvu zaidi, kwa kuwa inamwonyesha msomaji kwamba ubabe wa baba ni kitu kilichojengwa na watu na kwa hiyo huweza kuvunjwa na watu. Kwa upande mwingine, Maksuudi ni rahisi kuhukumiwa. Msomaji anaweza kukifunga kitabu akijipongeza kwamba yeye si Maksuudi. Ni wachache watakaofunga kitabu cha Dunsany wakiwa na hakika kwamba wao si Mfalme wa Elfland.

Mwisho wa riwaya ndio unaopima hoja hii. Lirazel yuko tena karibu na baba yake, katika nchi isiyo na kesho, naye anatamani dunia: mashamba yake, majira yake, mume na mtoto. Huzuni hiyo inaingia mahali ambapo huzuni haikuwahi kuingia. Mfalme amebakiwa na neno kuu moja la mwisho, akiba ya kuilinda nchi yake siku ya hatari. Analitumia kwa ajili ya binti yake. Elfland inafurika juu ya mashamba kama maji ya bamvua, inaifunika Erl, na Lirazel anawapata tena Alveric na Orion. Kwa lugha yetu, baba ametoa radhi, tena kwa gharama kubwa, kwa kuwa ameivua nchi yake ngao yake ya mwisho. Si haki kumnyima sifa hiyo.

Pamoja na hayo, radhi hizi zina kasoro ambayo mwandishi ameidokeza bila kuifuata hadi mwisho. Lirazel alitamani dunia yenye majira na mabadiliko. Alichopewa ni dunia hiyo ikiwa imemezwa na nchi ya baba yake. Mahali alipokimbilia hapapo tena. Pamekuwa sehemu ya alikotoka. Wazee wa Bunge, ambao kwanza waliutaka uchawi na baadaye wakamwendea Ziroonderel kumwomba kinga dhidi ya uchawi huohuo wakafukuzwa, hawakuulizwa lolote neno lilipotamkwa. Ni kiwanja cha padri peke yake kilichosalia nje ya wimbi. Msomaji aliyelelewa katika nchi iliyowahi kutawaliwa hawezi kupita hapa bila kusita. Wema wa mtawala mkubwa kwa mwanawe umefanya nchi nzima ya watu wengine itoweke, na mwandishi anaueleza utowekaji huo kana kwamba ni baraka tupu. Hapo ndipo kabaila wa Meath anapojitokeza nyuma ya mtunzi.

Kuhusu fani, sifa kubwa ya Dunsany ni lugha yake, yenye sentensi ndefu zinazokwenda kwa mwendo wa maandiko ya kale. Lugha hiyo inatosha kabisa kueleza nchi isiyo na wakati, lakini inamdhulumu Lirazel. Msomaji anaambiwa mengi juu ya uzuri na mshangao wake. Maneno yake mwenyewe ni machache. Baba ana talasimu, mume ana upanga na makemeo, Bunge lina vikao vyake kwa mhunzi Narl, na binti ana hamu tu. Mhusika anayelipa kitabu jina lake ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote, na hata katika jina hilo ametajwa kwa baba yake.

Kazi hii ilitolewa upya Marekani mwaka 1969 katika matoleo ya Ballantine, na imeathiri waandishi wengi wa maajabu. Endapo mtu atathubutu kuitia katika Kiswahili, ugumu wake hautakuwa majini na vibwengo, ambao Kiswahili kinawafahamu tangu zamani. Ugumu utakuwa katika neno moja. Alichokifanya Lirazel kiitweje? Kutoroka kunamfanya mwizi wa nafsi yake. Kukaidi kunamfanya mtoto. Kuasi kunamfanya mkosaji mbele ya Mola. Lugha imempa baba maneno ya radhi na laana, na binti haikumpa neno la kuondoka kwa haki. Mfasiri atakayelitafuta neno hilo atakuwa anafanya kazi ambayo Dunsany aliiacha, na ambayo Mwana Kupona hakuwa na sababu ya kuianza.