Yeşilçam na Sura ya Mturuki

Yeşilçam, tasnia ya filamu iliyopewa jina la mtaa mmoja wa Beyoğlu, Istanbul, ilifikia kilele katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikitoa filamu zaidi ya 200 kwa mwaka. Fedha zilikuwa haba, lakini namna ilivyowachorea Waturuki sura yao inastahili pongezi. Shujaa wa upanga ndiye aliyevuma: Cüneyt Arkın, akiwa Battal Gazi au Kara Murat, aliwafyeka maadui peke yake, na hawakuachiwa chembe ya utu. Ustadi hasa ulikuwa kwingine. Katika Hababam Sınıfı (1975) ya Ertem Eğilmez, Mturuki ni Şaban, mwanafunzi mzembe wa bweni aliyeigizwa na Kemal Sunal, anayependwa pamoja na upumbavu wake. Lütfi Akad, katika Gelin (1973), alithubutu zaidi: familia iliyohamia Istanbul kutoka Anatolia inajali duka kuliko matibabu ya mtoto. Miaka mingi baadaye, filamu ya Fetih 1453 (2012) iliurudisha upanga, safari hii kwa bajeti nono.