Lugha ya Wahakka na saa moja kwa juma

Jina la Wahakka maana yake ni «jamaa za wageni». Ni Wachina ambao wazee wao walihama kutoka kaskazini hata milima ya Guangdong, na kutoka huko, hasa katika karne ya 18, wengi wakavuka bahari kwenda kisiwa cha Taiwan, ambacho Wazungu walikiita Formosa. Leo karibu mtu mmoja katika watano kisiwani ni wa ukoo huo. Wana neno la wazee: afadhali kuuza shamba la mababu kuliko kusahau usemi wao. Kila mkulima ajua uzito wa neno hilo. Walakini wanaoweza kuisema vema lugha hiyo ni chini ya nusu yao, na kati ya vijana ni wachache zaidi.

Serkali ya Kuomintang, iliyokipokea kisiwa kutoka kwa Wajapani mwaka 1945, ilitaka Kichina kimoja tu, Kimandarini. Shuleni mtoto aliyeponyokwa na neno la kwao alitozwa faini, ama alivikwa kibao shingoni mbele ya wenzake. Sheria ya mwaka 1976 iliagiza redio na televisheni kupunguza lugha nyingine mwaka kwa mwaka. Amri ya kijeshi iliondolewa mwaka 1987. Tarehe 28 Desemba 1988 maelfu ya watu walipita katika barabara za Taipei wakidai warudishiwe lugha ya mama. Walibeba picha ya Sun Yat-sen, baba wa Jamhuri, ambaye Wahakka humhesabu kuwa mtu wao, naye amefunikwa mdomo kwa kitambaa. Twaisifu akili ya ishara ile.

Tangu hapo mengi yametendeka, wala hatuyadharau. Mwaka 2001 liliundwa baraza la serkali la mambo ya Wahakka. Mwaka 2003 televisheni yao ilianza. Sheria yao ya mwaka 2010 ilirekebishwa mwaka 2018, ikakitaja Kihakka kuwa mojawapo ya lugha za taifa.

Lakini tuangalie shule. Ilipotaka kuifukuza lugha hii, ilitumia saa zote za mchana, darasani na uwanjani. Inapotaka kuirudisha, yatoa kipindi kimoja kwa juma! Tena Kihakka cha Taiwan kina namna tano, za Sixian na Hailu zikiwa kubwa, na mtoto wa nyumba ya Hailu aweza kukutana na mwalimu wa Sixian. Juu ya hayo uko mtihani wa cheti, ulioanzishwa mwaka 2005. Twaogopa cheti hicho. Lugha hii haikukosa vitabu: mwaka 1901 padri Mfransa Charles Rey alikwisha toa kamusi ya Kihakka na Kifransa huko Hong Kong. Iliyemkosa ni mtoto wa kuisema anapogombana na ndugu yake.

Wengine hutupa lawama yote juu ya serkali ya zamani. Hatukubali. Sokoni Wahakka wengi walishika Kihokkien, lugha ya majirani walio wengi kuliko wao, kwa ajili ya biashara tu. Na leo baba na mama wanaojua Kihakka husema na mtoto wao Kimandarini, wakitaka afaulu. Hakuna polisi aliyewalazimisha.

Kwa hiyo tunalolipenda zaidi katika sheria ni jambo ambalo wengi hulipita upesi: mahali ambapo Wahakka wafikia theluthi ya watu, Kihakka lazima kiwe mojawapo ya lugha za matumizi ya wote. Mzee akienda kuomba karatasi ofisini, ajibiwe kwa lugha yake. Hapo lugha imepata kazi, na mzazi aona faida yake kwa macho.

Jambo la pili liko Pingtung, upande wa kusini. Huko ziko shule za watoto wadogo ambamo mwalimu husema nao Kihakka wakila, wakinawa mikono, wakicheza. Fedha za vyeti na za sherehe tungependa zipelekwe huko, kwa kuwatayarisha walimu wa namna hiyo, kabla mabibi wanaoijua lugha hawajazikwa.