Wimbo Wenye Nguvu na Askari Anayekumbuka

Katika hadithi za mashujaa na uganga, ziwe zile za Tolkien kutoka Uingereza au zile ambazo kijana wa hapa anazitunga kwenye simu yake, vitu viwili hurudi karibu kila mara: wimbo wenye nguvu, na askari mkongwe anayekumbuka vita. Hapo ndipo ninapompima mwandishi. Mapanga, majoka na falme anaweza kuazima popote. Wimbo na kumbukumbu lazima avitoe kwake mwenyewe. Na msomaji wa Tabora ana haki ya kuwa mkali kuliko wengine, kwa kuwa mji wetu umekaa kwenye njia ya misafara iliyokwenda Ujiji kutoka Bagamoyo, na katika njia hiyo wimbo, dawa na vita vilitembea pamoja.

Kwa wimbo, uliza kwanza kazi yake. Mpagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 alibeba kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30. Mbele alikwenda kirangozi, kiongozi wa msafara, na bendera na manyoya kichwani. Yeye alitoa wimbo, wapagazi wakapokea. Wimbo ule ulipanga hatua, ulimsahaulisha mtu bega linalouma, ulimjulisha aliye nyuma kabisa kwamba msafara bado unakwenda. Ulikatwa kwa pumzi ya mtu aliyetwishwa mzigo. Basi ukikuta riwayani askari wanaimba wimbo wa kuita mvua huku wanapanda mlima, soma mistari yake kwa sauti ukiwa unatembea. Pumzi ikikuishia kabla ya kituo, ujue mwandishi hakuwahi kuuimba. Wapo wanaoandika maneno makubwa ya giza na moto, wakayapanga katikati ya ukurasa, wakadhani wametunga wimbo. Mtunzi wa utenzi hana ruhusa hiyo: mizani nane kila mshororo, vina vitatu vilingane, cha nne kidumu hadi mwisho. Wimbo wa uganga usiokuwa na sheria yoyote ya sauti hauwezi kuniaminisha kwamba una sheria ya uganga.

Mfano bora wa kazi ya wimbo ninaoufahamu ni wa pwani, katika Utenzi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Shujaa Liyongo yuko gerezani anasubiri kuuawa. Anamwimbia kijakazi ujumbe wa kumfikishia mama yake: apike mkate wa wishwa, na ndani yake afiche tupa. Walinzi wanakula vyakula vizuri, mkate wa wishwa wanaudharau na kumwachia mfungwa. Kisha Liyongo anaomba achezewe ngoma ya gungu kabla ya kufa, na anawafundisha watu nyimbo zake. Ngoma inaponoga na pembe zinapolia, kelele zinaifunika sauti ya tupa kwenye minyororo. Hakuna uganga wowote hapo. Lakini minyororo imekatika, ukuta umepasuliwa, na mtu aliyeokoka ameokolewa na wimbo. Mwandishi wa uganga akiweza kuufanya wimbo wake uwe wa lazima kiasi hicho, nitamvulia kofia. Jaribu hivi: ufute wimbo kwenye sura. Kama hadithi inaendelea bila kujikwaa, wimbo ule ulikuwa pambo.

Halafu uliza gharama. Uganga unaoshinda kila mara hauna ladha, na watu wetu walilijua hilo. Jirani zetu Wasukuma wana vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu, vilivyoanzia kwa Ngika na Gumha, wachezaji na waganga walioshindania dawa ya nani ni kali zaidi. Ngoma mbili zinachezwa wakati mmoja, na penye umati mkubwa ndipo penye ushindi. Hakuna mzimu unaoshuka kuamua. Kila mtazamaji anaamua kwa miguu yake, na manju, kiongozi wa ngoma, anaona kwa macho yake watu wakimwacha. Hatari ya namna hiyo ndiyo ninayoitafuta riwayani. Tolkien aliielewa. Katika The Silmarillion, kitabu kilichotoka mwaka 1977 baada ya kifo chake, mfalme Finrod anapambana na Sauron kwa nyimbo, na anashindwa pale wimbo wa adui unapogeukia damu ambayo watu wa ukoo wake waliwahi kuimwaga. Kumbukumbu inauvunja wimbo. Kwangu mimi, hicho ni kilele cha ufundi huu.

Sisi tuna kilele chetu. Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya Kinjeketile ya mwaka 1969, alichukua maji ya vita vya Maji Maji, maji yaliyoaminiwa kuzigeuza risasi, akaonyesha mganga anayelitilia shaka neno lake mwenyewe wakati limekwisha kumtoka na kuwa mali ya watu. Mwishoni anakataa kulikana, ingawa kukana kungeweza kumwokoa.

Sasa askari. Hapa nina madai mazito zaidi, kwa kuwa kumbukumbu ndiyo hughushiwa kwa urahisi. Askari hajui vita vizima. Anajua kiatu, njaa, bei ya chumvi, jina la aliyelala kulia kwake. Ukikuta mkongwe anasimulia vita kama aliyekaa juu ya wingu, akitaja vikosi vyote na nia za majemadari wote, funga kitabu. Na ujihadhari na mkongwe anayelia kila ngoma inapopigwa.

Soma Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara ambaye baba yake alikuwa na makazi hapa Unyanyembe. Anavyosimulia vita na Nsama wa Itabwa, mishale iliyompata yeye mwenyewe haichukui nafasi kubwa. Kinachokaa ni pembe za ndovu, frasila, madeni, nani alikuwa nani kwa ukoo. Hivyo ndivyo mtu halisi hukumbuka: kwa kile alichokihesabu. Lakini tazama pia kilichokosekana. Waliozibeba pembe hizo karibu wote hawana majina. Mwandishi mahiri anakijua kimya cha mkongwe wake, na anamweka mtu mwingine kando ya moto anayejua kilichorukwa.

Mambo ya kuandikia tunayo tele. Ruga-ruga, wapiganaji wa mtemi Mirambo, wengi wao vijana waliotekwa au waliotoroka misafara, waliopigana na Waarabu wa Tabora kuanzia 1871. Mmoja wao akizeeka, angekumbuka nini baada ya Mirambo kufa mwaka 1884? Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyejilipua kwa baruti Januari 1893 Wajerumani walipoingia bomani mwake: nani aliyenusurika pale, na masikio yake yalisikia nini tangu siku ile? Tarehe 19 Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Wabelgiji, ambalo askari wake wengi walikuwa Wakongo, liliingia Tabora. Miezi hiyohiyo Tolkien alikuwa askari kwenye mapigano ya Somme, Ufaransa. Aliporudishwa kwao na homa ya mahandaki, akaanza kuandika kisa cha kuanguka kwa mji wa Gondolin. Yeye aliandika. Walikuwapo mashahidi wa kuanguka kwa Tabora ambao walisimulia tu barazani.

Anayetaka kulinoa sikio lake aanze na Utenzi wa Fumo Liyongo, ausome kwa sauti na si kimya. Afuatishe Kinjeketile, kisha Tippu Tip, na Tolkien awe wa nne. Na kama una babu au bibi Urambo, Itetemia au Kwihara anayekumbuka wimbo wa safari au wa vita, mfuate mwaka huu. Andika maneno yake yote, andika na jina la aliyemfundisha.