Jina la Kazi, Jina la Cheo: Müller na Mwinyi

Wachambuzi wa majina hupenda kuanza na ramani, kisha wakatafuta ukoo mmoja nyuma yake. Njia hiyo ina kasoro. Müller, jina la Kijerumani litokanalo na kazi ya kusaga nafaka, limeenea Ujerumani nzima, lakini halikutoka kwa babu mmoja: kila palipokuwa na kinu paliweza kuzuka Müller wake.

Hoja hii inaihusu Kindu. Mwinyi lilikuwa neno la heshima la pwani, lenye maana ya bwana au mwenye mamlaka. Lilifika Maniema pamoja na misafara ya pembe na watumwa, kupitia Tabora na Ujiji. Katika miaka ya 1870 Nyangwe ilijulikana kwa mfanyabiashara Mwinyi Dugumbi. Wenyeji waliojiita Wangwana nao walizichukua heshima za pwani. Mwaka 1972 serikali ya Zaire ilipopiga marufuku majina ya Kikristo, orodha za majina zilivurugika zaidi.

Kwa hiyo Mwinyi, likionekana leo katika daftari la Kindu, linashuhudia njia ya biashara na ya lugha. Halithibitishi nasaba ya pwani, sembuse ugeni wa mwenye jina.